Kuacha Upinde si Kuacha Kabila

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinijia hapa Tarasaa, fomu ya basari mkononi. Katika nafasi ya kabila alikuwa ameandika Waata. Karani wa ofisi moja alilikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika juu yake jina la kabila jirani, kwa hoja kwamba baba wa kijana analima mpunga kama watu wengine, wala hawindi. Kijana akaniuliza: Mwalimu, kwani mtu huwa nani kwa kile anachokula?

Nilikosa jibu siku ile. Hata hivyo, swali lenyewe limekwisha kufika mahakamani kwa majina ya watu wengine. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya Wailchamus wa kando ya Ziwa Baringo, ikatamka kwamba wao ni jamii ya wachache, yenye utamaduni wake wa pekee, na kwamba wana haki ya kuwakilishwa bungeni. Kisha tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa hukumu kuhusu Waogiek wa Msitu wa Mau. Serikali yetu ilidai kuwa Waogiek ni mchanganyiko tu wa makabila, na tena wamekwisha kubadili maisha yao. Mahakama ilizikataa hoja hizo. Pamoja na mambo mengine, ilitazama jinsi jamii inavyojitambua yenyewe na jinsi wengine wanavyoitambua. Ikaongeza kuwa mavazi na alama za jamii huweza kubadilika, ilhali maadili yasiyoonekana kwa macho yakabaki yale yale. Isitoshe, ilikumbusha kwamba kufukuzwa msituni ndiko kulikowanyima Waogiek uwezo wa kuzitunza mila zao. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi zaidi ya milioni 157.

Natamani karani yule angaliisoma hukumu hiyo. Lakini kosa si lake peke yake. Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010, kinapoeleza jamii zilizotengwa, kinazitaja jamii asilia zilizodumisha maisha ya uwindaji na ukusanyaji. Kumbe uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977! Iweje serikali imnyang'anye mtu upinde, kisha imwulize upinde wake uko wapi? Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Nao aliyepokonywa mila kwa amri ya serikali tutamwitaje? Ni kweli kwamba kifungu hicho kina mlango mwingine, wa jamii ambazo kwa udogo wa idadi yao zimeshindwa kushiriki kikamilifu katika maisha ya taifa. Waata wangeweza kupitia hapo. Ila makarani wengi huujua mlango wa upinde tu.

Wapo watakaosema kwamba neno la mtu likitosha, kila mwenye shida ya karo atageuka Mwaata usiku mmoja. Hofu hiyo siidharau. Sisi wa Delta ya Tana tunajua jina la kabila linavyoweza kuua: mwezi Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa kwa asubuhi moja. Sipendi fomu zinazouliza kabila, na laiti tungaliweza kuziacha. Lakini maadamu kifungu cha 56 kinaiamuru serikali kuyapa makundi yaliyotengwa nafasi maalumu katika elimu, lazima anayestahiki ajulikane. Wala mahakama ya Arusha haikutegemea neno la mdai pekee. Ilitaka pia ushuhuda wa wanaomjua. Hapa kwetu wazee wapo, majirani wapo, lugha na koo hazijasahauliwa. Karani na awaulize hao kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Kijana wangu amechukua fomu nyingine. Ameandika Waata tena. Safari hii mzee mmoja wa ukoo wake ametia dole gumba chini ya jina hilo, nami nimetia sahihi kando yake kama shahidi.