Ile meza ya chini ya mwarobaini tuliiua sisi, tena kwa simu

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nataka tuongelee meza moja ya plastiki.

Kama ulikuwa Dodoma miaka ya 2009, 2010 hivi, UDOM bado changa, unakumbuka mji ulivyokuwa. Bunge likikaa, lodge zinajaa na kuku anapanda bei. Bunge likiahirishwa, mnabaki nyie na upepo na vumbi lenu. Ila kulikuwa na baa moja, jina sitaji na mtaa sitaji, ambayo iwe Bunge iwe si Bunge, Ijumaa lazima ifurike. Na huko nyuma kabisa, chini ya mwarobaini, mbali na taa, kulikuwa na meza yao.

Yao kina nani? Mnajua. Kulikuwa na kaka mmoja wa saluni, mikono yake bibi harusi wanaipangia foleni. Kulikuwa na mpambaji wa kumbi. Kulikuwa na karani ambaye mchana anatembea kama yuko kwenye gwaride, usiku anacheka mpaka machozi. Na dada wawili waliokuwa wanasema wao ni mabinamu, na hakuna aliyewahi kuuliza huo ubinamu umeingilia upande gani.

Tuelewane hapo. Mimi Dodoma sijawahi kuona baa ya mashoga yenye kibao mlangoni kama za Ulaya. Sisi tulikuwa na meza. Mwenye baa anajua, wahudumu wanajua, DJ anajua, na wote wanajifanya hawajui. Kuna anko mmoja wa makamo aliniambia meza hiyo imehama hama sana. Alikuwa anaikumbuka tangu Bunge lilipohamia huku 1996, madereva na wasaidizi wa wakubwa wanashuka kutoka Dar na usiku wao. Na kabla ya hapo, enzi za disko, mabinti wengi walikuwa hawaruhusiwi kutoka, kwa hiyo wanaume walicheza na wanaume ukumbi mzima. "Nani angejua nani anacheza na nani kwa sababu gani?" Akacheka, akaagiza mvinyo wake wa zabibu za hapa hapa, akanyamaza.

Sasa twende kwenye kilichoniumiza.

Mtakumbuka mwisho wa Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati ule alitangaza watu watume majina ya mashoga. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba hayo ni maoni yake, sio msimamo wa serikali. Lakini nani alisubiri taarifa? Watu walishashika simu. Wiki zile zile, mtu wa meza ya pili pale baa akamrekodi yule kaka wa saluni anacheza na mwenzake. Sekunde ishirini tu. Hakuna busu, hakuna lolote, ni watu wawili wanacheza wimbo wanaoupenda. Akaweka status na vikatuni vya kucheka.

Jumatatu ile video ilikuwa kila grupu. Jumatano saluni imefungwa. Baba mwenye nyumba akamwambia apishe. Mpaka leo sijui yuko wapi, na meza ile haikurudi.

Na mimi? Mimi niliifowadi. Kwenye grupu moja tu, la watu sita, nikaandika "jamani huyu si yule aliyemsuka dada." Nimeishi na hiyo sentensi tangu siku hiyo.

Majirani zetu Kampala wametutangulia kwenye hili. Wao waliwahi kuwa na baa kabisa, Sappho Islands, pale Ntinda. Ilifunguliwa 2010 na mwanaharakati Kasha Jacqueline Nabagesera, 2011 ikawa imefungwa. Mwaka huo huo wa 2010 gazeti moja la huko lilichapisha majina na picha za watu na kutaka wanyongwe. David Kato, mmoja wa waliochapishwa, akalipeleka mahakamani pamoja na wenzake, wakashinda Januari 2011. Wiki chache baadaye, tarehe 26 mwezi ule ule, akauawa nyumbani kwake. Polisi walisema ni ugomvi mwingine, na muuaji alifungwa miaka 30. Sawa. Ila waulize waliobaki kwenye ile orodha walilala vipi usiku huo. Halafu Novemba 2019, polisi wakavamia Ram Bar, wakakamata watu 127. Watu 67 wakashtakiwa kwa kero kwa umma. Kero! Kwa kukaa baa.

Utaniambia dini, utaniambia mila, utaniambia sheria. Sheria naijua. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kuanzia miaka 30 mpaka maisha, kwa tendo la mwili. Hakijamteua mtu wa meza ya pili kuwa mpelelezi. Hakisemi kucheza muziki na rafiki yako ni kosa. Na kuhusu mila, tusidanganyane. Kitchen party ya dada yako nani alipamba? Nani alimtengeneza bibi harusi? Nani alishika kipaza sauti mkafa kwa kicheko? Siku hiyo ni "wetu", mnamwita shoga kama wamama wanavyoitana, yaani rafiki wa ndani. Kesho yake neno lile lile linageuka tusi.

Dodoma sa hizi ni jiji. Tangu 2018 tunajiita hivyo, lami imemwagwa, maghorofa yanapanda, viwanja vya kula bata kila kona. Mimi najiuliza tu: jiji gani hili ambalo watu watano wanakosa kona ya kucheka Ijumaa usiku? Baa zetu zina taa nyingi kuliko zamani, na kila taa ina kamera chini yake.

Siwaombi mkubaliane na maisha ya mtu. Naomba kitu kidogo. Ukiwa kiwanja ukaona meza ya nyuma wanacheza, cheza na wewe. Simu iache mfukoni. Na ukitumiwa video kama ile, iishie kwako.

Na wewe kaka, kama unasoma hii popote ulipo: ile fowadi ya grupu la watu sita ilikuwa yangu. Nisamehe.