Faru kapotea, lawama kwa mtandao

Na Mwana wa Kindai

Kuna kisingizio kimoja ambacho ningekuwa na mamlaka ningekipiga marufuku mkoa mzima, kuanzia Manyoni hadi Nduguti. Foleni haisogei? Mtandao. Cheti hakijatoka? Mtandao. Wiki hii nimekisikia kikitolewa mbele ya kompyuta ambayo ilikuwa haijawahi kuunganishwa na intaneti tangu itolewe kwenye boksi.

Ilikuwa kwenye kituo kimoja cha kununulia alizeti, kando ya barabara ya kwenda Ikungi. Nilikuwa nimemsindikiza jirani yangu wa Mandewa na magunia yake. Mzani unasoma vizuri. Karani anaingiza jina, namba ya simu, kilo, vyote vinakubali. Akibonyeza kitufe cha kutoa risiti, kinatokea kidirisha chenye alama nyekundu, kinapotea, kimya. Na bila risiti hakuna malipo.

Akaitwa fundi kutoka mjini. Kaja na bodaboda, spika za masikioni zinaning'inia shingoni. Akazima, akawasha. Akachomoa waya wa printa, akaupuliza, akaurudisha. Kisha akatoa simu yake, akainyanyua juu kama anayeutafuta mwezi wa Ramadhani, akatangaza: "Mtandao unasumbua leo, mama zangu. Vumilieni."

Nikachungulia nyuma ya kompyuta. Waya wa umeme, waya wa printa, waya wa kioo. Basi. Nikamuuliza, mtandao upi? Akanijibu kwa upole ule wa kumjibu mtu aliyekwisha: "Mzee wangu, haya mambo ya kisasa haya."

Mama mmoja aliyekuwa kakalia magunia yake hakusubiri uvumilivu huo uzae matunda. Nje ya geti walanguzi walikuwa na debe lao, na debe haliharibiki. Aliuza huko, kwa bei ya huko, akaondoka. Huyo ndiye aliyelipia hitilafu, si kituo na wala si fundi.

Lililonipandisha presha likafuata. "Hapa inabidi tupige Windows upya," akasema kijana. Kumbukumbu za msimu mzima zimo humo, na hata flashi ya kuzihifadhia hakuwa nayo! Mnaonisoma tangu zamani mnajua kwamba kabla ya kalamu nilikula ujana wangu kwenye programu za mishahara. Nikamwomba msimamizi kiti.

Kila programu yenye adabu huandika shajara ya matatizo yake. Hii ilikuwa na folda yake, na ndani yake faili unalolifungua kwa Notepad tu. Mstari wa mwisho ulisema wazi: nimeshindwa kuita eval kwa sababu engine ni null. Yaani, injini niliyotakiwa kuitumia haipo. Hakuna mahali palipotajwa mtandao.

Programu yenyewe imeandikwa kwa Java. Lakini hesabu za makato, yaani uzito wa gunia tupu, unyevu, takataka, mkopo wa mbegu, zimewekwa pembeni kwenye faili fupi la JavaScript, ili kanuni ikibadilika mtu arekebishe mstari mmoja bila kumsaka aliyeitengeneza. Aliyebuni hivyo nampa heko. Ila faili hilo haliwezi kujisoma lenyewe. Ni lazima ndani ya Java pawe na injini ya kulisoma na kulitekeleza. Ndiyo maana kilo ziliingia vizuri na risiti ikagoma: kazi ya kupokea kilo ni ya Java yenyewe, kazi ya makato ni ya injini.

Java 6, mwaka 2006, ilikuja na injini ya Mozilla iitwayo Rhino. Java 8, mwaka 2014, ikaleta nyingine, Nashorn. Majina yote mawili ni ya faru, moja kwa Kiingereza, jingine kwa Kijerumani. Java 11, mwaka 2018, ikatoa taarifa kwamba faru ataondolewa. Java 15, Septemba 2020, ikamwondoa kweli. Taarifa ilitolewa miaka miwili kabla, hadharani, kwa yeyote anayesoma.

Nikauliza nani kagusa Java. Karani akamtazama fundi. Fundi akatazama mzani. Kumbe jana yake alipita, akaifuta Java 8 na kuweka Java 17 "ili mashine iwe nyepesi". Ukiiomba Java 17 injini ya JavaScript haikuzomei. Inakurudishia null kimyakimya, programu inaendelea kutembea, inakuja kuanguka mbele ya mteja. Lakini haki yake tuipe: Java hizi mpya ndizo zilizoanza kutaja waziwazi ni kitu gani kilicho null. Zamani ungeambiwa tu kuna kitu hakipo kwenye mstari fulani, utajijua.

Faru wa kweli naye aliwahi kutafutwa. Mwaka 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoulizia mnyama aitwaye Faru John yuko wapi, maofisa waliambiwa walete nyaraka, na pembe zikaletwa. Hakuna aliyethubutu kumwambia mtandao unasumbua.

Dawa ilikuwa fupi. Nashorn hakufa, alihamishwa nje ya Java tu. Anapatikana peke yake, na unamweka pembeni ya programu pamoja na maktaba ya ASM anayoitegemea. Karani akawasha hotspoti ya simu yake ili tuvipakue vyote viwili. Hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, mtandao ulihusika, na ulifanya kazi bila tatizo. Tukachukua risiti ya wiki iliyopita, tukaingiza kilo zilezile, makato yakatoka sawasawa hadi shilingi ya mwisho. Foleni ikaanza kusogea.

Msiniambie vijana hawana vifaa wala mafunzo. Wana simu kubwa kuliko kichwa changu. Tatizo ni uvivu wa kusoma mistari iliyoandikwa kwa ajili yao, halafu ujasiri wa kupiga Windows upya juu ya mali ya watu.

Kijana kanitumia ujumbe analalamika kuwa nimemchafulia jina. Jina lake sijalitaja popote. Limeandikwa kwenye ankara aliyokiachia kituo, "matengenezo ya mtandao", na wameilipa yote.