Picha safi ya ubongo si cheti cha afya

Msomaji, mgonjwa wa maltipo sklerosisi (MS) akilalamika kwamba miguu inamlemea na uchovu haumtoki, kisha daktari atazame picha ya ubongo na kusema hapana kovu jipya, nani asadikiwe? Kwa maoni yangu, ni mgonjwa.

Maradhi haya ni kikulacho ki nguoni mwako. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kutukinga na viini, hugeuka wakashambulia mayelini, yaani utando unaozifunika nyuzi za neva kama mpira unavyofunika waya wa stima. Huwapata wanawake zaidi, na aghalabu huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40.

Mashine ya MRI ilianza kutumiwa kuyachunguza mwaka 1981 jijini London. Makovu huyaonyesha vyema, lakini haisemi seli zinaishije. Ndipo watafiti, wakiwemo wa Montreal, Kanada, walipoanza kuitumia mashine hiyo kwa njia nyingine iitwayo spektroskopia. Hapa daktari hapati picha bali mchoro wenye vilele, na kila kilele ni kemikali fulani.

Kemikali moja huitwa NAA. Hupatikana zaidi ndani ya seli za neva na nyuzi zake. Ikipungua, ujue neva zimeumia. Kolini nayo hupanda mayelini inapobomoka. La kushtua ni kwamba NAA ilikutwa imepungua hata katika sehemu ambazo picha ya kawaida ilionyesha ni nzima. Kumbe makaa yalikuwa chini ya majivu! Mwaka 1998, Bruce Trapp na wenzake wa Cleveland, Marekani, walionyesha kwa darubini kwamba nyuzi zenyewe hukatika, si mayelini pekee inayoharibika.

Hata hivyo, tumaini lipo. Shambulio likitulia, NAA huweza kupanda tena kiasi. Maana yake ni kwamba baadhi ya neva zilikuwa zimezirai tu, hazikufa.

Kipimo hiki kingali cha watafiti zaidi kuliko cha kliniki, kwa hivyo sikuhimizi ukakidai hospitalini. Lakini funzo lake halihitaji mashine. Wewe mgonjwa, dawa za kuzuia mashambulizi hufaa zaidi zikianza mapema. Usingoje kovu lingine. Nawe daktari, usimwambie mgonjwa hana kitu kwa sababu tu wewe hujakiona.