Ajuaye Kilo na Ajue Kibaba

Aghalabu wanafunzi wetu huipamba insha kwa methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba. Muulize mmoja wao kibaba ni nini. Yamkini atakujibu kuwa ni chombo kidogo, basi. Hajui kwamba hicho ni kipimo cha nafaka, na kwamba vibaba vinne hutimiza pishi moja. Methali ameihifadhi, maana imemponyoka.

Lawama si ya mwanafunzi. Darasani hufunzwa sentimita, mita na kilomita, na ni haki afunzwe. Mfumo huo, uliowekwa kisheria nchini Ufaransa mwaka 1795, una sifa moja kubwa: majina yake yamebeba hesabu. "Kilo" imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya elfu, na "senti" imetokana na mia ya Kilatini. Azijuaye sehemu hizo chache hupanda na kushuka ngazi nzima kwa makumi bila taabu.

Vipimo vyetu vya jadi vya urefu vilizaliwa mwilini. Wanda ni upana wa kidole. Shubiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, kiganja kikikunjuliwa. Shubiri mbili ni dhiraa, na dhiraa nne ni pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa. Udhaifu wake ni dhahiri: mkono wa muuzaji si mkono wa mnunuzi. Hata leo gorogoro iliyobonyezwa kitako humpunja mama sokoni. Katika biashara, basi, mizani ya kilo na iamue.

Hata hivyo, lugha ina haki yake. Neno "mita" asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kipimo tu. "Pima", ambayo mabaharia wetu waliitumia kutaja kina cha maji, nayo ni tunda la kitenzi kupima. Ikiwa majina hayo mawili yana wazo moja, kwa nini mtoto alione la kwanza kuwa elimu na la pili kuwa ushamba?

Walimu wa Hisabati na wa Kiswahili na washirikiane. Mtoto apime dawati kwa shubiri, kisha kwa rula, alinganishe majibu yake na ya mwenzake. Tofauti atakayoiona itamfunza kwa nini mita ilihitajika. Naye akiifikia methali ya kibaba, atajua ni nini hasa kinachojazwa.