Kikaango cha Kauri: Tazama Moto Kabla ya Kumlaumu Mwoshaji

Ndugu msomaji, Jumapili hii nakuomba tuingie pamoja jikoni tukakitazame kikaango cha kauri. Chombo hiki siku hizi kimo katika nyumba nyingi za mijini. Ni chepesi, chapendeza kwa macho, na kikiwa kipya yai huteleza juu yake bila kushika. Bei yake si ndogo kwa mtu anayeishi kwa mshahara, na ndiyo maana inauma sana pale yai linapoanza kung'ang'ania na kunyofoka vipande vipande kabla mwaka haujatimia.

Hayo yalinifika mimi mwenyewe. Kikaango nilichokinunua Kariakoo kilipoanza kugandisha, sikuuliza wala kuchunguza. Nilimgeukia binti wa dada yangu anayeishi nasi, kwa kuwa yeye ndiye anayeosha vyombo, nikamkemea mbele ya wadogo zake. Alinijibu kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, mimi hukiosha kwa dodoki tu." Sikumwamini.

Laiti ningalikifahamu chombo chenyewe kabla ya kutoa hukumu! Kikaango hicho si kauri tupu kama kikombe cha chai. Mwili wake kwa kawaida ni alumini. Juu ya alumini hupakwa tabaka jembamba lenye asili ya silika, maada ile ile iliyomo katika mchanga, kisha huokwa katika tanuri hadi likawa gumu mithili ya kioo. Vikaango vya namna hii vilianza kuenea madukani baada ya kampuni ya GreenPan ya Ubelgiji kuviingiza sokoni mwaka 2007. Ni tofauti na vile vyenye tabaka la Teflon, plastiki iliyogunduliwa Marekani mwaka 1938, ambayo ikipashwa moto kupita kiasi hutoa hewa yenye madhara. Kauri haina plastiki hiyo.

Kwa kuwa kauri hustahimili joto kubwa, wengi wetu hudhani kwamba moto mkali haukidhuru kikaango. Hapo ndipo tunapokosea. Kinachoungua si kauri bali ni mafuta. Mafuta yakipashwa hadi kufuka moshi huacha utando mwembamba uliogandamana na kauri kama vanishi juu ya mbao. Siku ya kwanza jicho halioni kitu. Lakini kila asubuhi huongeza utando wake, na wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Mwishowe yai haligusi tena kauri. Lagusa masizi ya mafuta, nalo hushika hapo.

Asubuhi moja nilijiona mwenyewe. Nilikuwa nimewasha gesi hadi mwisho, nikateka kikaango chenye mafuta, nikaenda kupiga pasi sare za shule. Niliporudi moshi ulikuwa umetanda jikoni. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila siku kwa ajili ya haraka. Mwoshaji hakuwa na kosa lolote.

Basi, ili chombo chako kidumu, yafaa uzingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, tumia moto mdogo au wa wastani. Alumini hupata joto upesi, hivyo hakuna haja ya moto mkali. Tia mafuta kidogo kabla ya kuteka, wala usikiache kikaango kitupu motoni. Ukitumia mkaa, ngoja makaa yatulie, kisha punguza mlango wa hewa wa jiko. Chapati zinazohitaji moto wa nguvu zipikie kikaango cha chuma.

Pili, angalia mafuta yako. Siagi huungua upesi. Kadhalika mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa kwa mashine bila kusafishwa, mazuri kwa ladha, hutoa moshi mapema kuliko yaliyosafishwa kiwandani. Ukiona moshi, punguza moto mara moja.

Tatu, geuza chakula kwa mwiko wa mbao. Kijiko cha chuma, uma na kisu visiguse tabaka hilo. Ukitaka kukata, hamishia chakula katika sahani.

Nne, usimwagie kikaango maji baridi kikiwa bado cha moto. Alumini husinyaa kuliko lile tabaka lililo juu yake, na tofauti hiyo huleta nyufa ndogo ndogo. Kiache kipoe, ndipo ukioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na dodoki laini. Mchanga, majivu na waya wa kusugulia, ambavyo tumezoea kung'arishia sufuria, ni marufuku hapa. Hakikisha pia kwamba umeyaosha mafuta yote, hata ya pembeni, maana yakibaki ndiyo yatakayoungua kesho.

Tano, unapopanga vyombo kabatini, weka kipande cha khanga kuukuu juu ya kikaango kabla ya kupachika kingine.

Kama chako kimekwisha kuanza kugandisha, usikitupe upesi. Tia maji na kijiko kimoja cha magadi soda laini ya kupikia, chemsha kwa moto mdogo dakika chache, kiache kipoe, kisha sugua taratibu kwa kitambaa. Mara nyingi utando wa mafuta huachia na kikaango hurudisha sehemu ya wepesi wake. Lakini ukiona tabaka limebanduka na alumini imejitokeza, hapo hakuna dawa. Ni wakati wa kununua kingine.

Mimi nilipokwisha kukisafisha changu, nilimwita yule binti, nikamwomba radhi mbele ya wale wale nilioko nimemkemea mbele yao. Haikuwa rahisi, lakini ilikuwa haki yake. Siku hizi yeye ndiye anayenikumbusha, nikiwa na haraka zangu za asubuhi: "Mama mdogo, moto!" Nami hupunguza.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia jiko lenye heri.