Baharia aliyepitisha mashua katika milima ya Katanga



Ukipanda treni toka Lubumbashi kwenda Bukama, unapita Fungurume. Leo ukisikia jina lile unafikiri tu shaba na kobalti. Lakini mwezi wa 8 mwaka 1915, pale Fungurume walishusha kwenye treni kitu ambacho hakuna mutu alitegemea kukiona mbali na maji namna ile: mashua mbili za vita za Waingereza. Na mukubwa wao njo mutu tunayetaka kukuelezea hapa.

Jina lake Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa mwaka 1876 kule Tasmania, kisiwa cha Australia. Mwaka 1890, kijana wa miaka 14 tu, akaingia katika jeshi la bahari la Uingereza. Vijana, musizanie kwamba alikuwa shujaa tangu mwanzo. Hapana! Alihesabu miaka mingi ya kazi na makosa mengi. Siku moja, katika mazoezi, alitaka kuvuta kamba kati ya meli mbili ili kukamata meli zinazotembea chini ya maji. Karibu azamishe meli ya wenzake. Mwezi wa 11 mwaka 1914, meli Niger iliyokuwa chini ya ulinzi wake ilipigwa na Wajeremani karibu na muji wa Deal, muchana kabisa, na yeye mwenyewe alikuwa amekwenda zake inchi kavu. Wakamuweka ofisini kule London. Wenzake walipanda vyeo, yeye akabaki pale pale. Na zaidi ya yote, alipenda kujisifu. Unajua watu wa namna ile, hata kwetu wako.

Sasa, wakati ule Wajeremani njo walikuwa mabwana wa Ziwa Tanganyika. Mwezi wa 8 mwaka 1914, meli yao Hedwig von Wissmann iliharibu meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune. Muwindaji mumoja, John Lee, akaenda kuwaambia wakubwa wa London: leteni mashua ndogo zenye mbio, zipite kwa treni na barabara mpaka ziwani. Wakubwa wakakubali. Lakini kapiteni hodari wa kutuma huko hakupatikana, wote walikuwa vitani. Spicer-Simson akasema: mimi niko.

Mashua zenyewe zilikuwa za mbao, kila moja metre 12 hivi. Alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, vile watoto wa Ufaransa wanaita paka na mbwa, na wakubwa hawakugundua kitu.

Toka Cape Town mpaka Fungurume, treni ilizibeba. Kutoka pale, reli ilikuwa bado. Walibaki na kilometre zaidi ya 200 za pori na milima ya Mitumba mpaka Sankisia. Walikuwa na mashini mbili kubwa za moshi za kuvuta, na ng'ombe wengi. Lakini mashini haikati miti, na ng'ombe hajengi daraja. Watu wetu njo walifanya ile kazi: mamia ya watu wa Katanga walifungua njia, wakajenga madaraja zaidi ya 100, wakavuta kamba pale mashini ilishindwa kupanda. Ilikuwa majira ya kiangazi, na mashini za moshi zinakunywa maji sana. Basi akina mama walibeba maji kichwani, toka mbali, ili mashini zisisimame. Walifika Sankisia mwisho wa mwezi wa 9. Vitabu vinataja kapiteni na askari zake mumoja mumoja. Wale wengine vinawaita tu « wachukuzi ». Sisi tunaona hesabu ile haikutimia.

Kisha treni ndogo mpaka Bukama, muto Lualaba ambao maji yake yalikuwa yamepunguka na mashua zikakwama mara nyingi, treni tena toka Kabalo. Mwezi wa 10 wakafika Lukuga, pale Kalemie iko leo.

Tarehe 26 mwezi wa 12 ilikuwa siku ya Mungu. Kapiteni alikuwa anaongoza sala na askari zake wakati habari ilifika: Kingani ya Wajeremani inaonekana! Akamaliza sala kwanza, halafu akatoa amri. Muzinga wa Kingani ulipiga mbele tu. Mashua mbili zikaikimbilia nyuma. Dakika 11, ikakwisha. Kapiteni wake Mujeremani akafa. Meli ikapata jina jipya, Fifi, na tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 1916, Fifi na Mimi wakazamisha Hedwig von Wissmann.

Watu wa ziwa walimushangaa. Alivaa vazi kama jipe ya wanamuke, na mwili wake ulijaa chanjo za picha za nyoka. Wakamuita Bwana Kifunga-Tumbo.

Lakini kesho yake, meli kubwa Graf von Götzen ikatokea, metre 70 na zaidi. Akakataza watu wake kuifuata. Pengine alikuwa na haki, ilikuwa kubwa sana. Lakini mwezi wa 6, mbele ya boma la Bismarckburg (leo Kasanga), aliogopa mizinga ya boma na kurudi nyuma. Wajeremani wakatoroka usiku kwa mashua. Mizinga ile ikaonekana kuwa ya miti tu! Tangu pale hakupewa tena meli ya kuongoza vitani.

Alirudi kwao mugonjwa, akapewa nishani za Uingereza na za Ubeleji. Baadaye alifanya kazi miaka mingi kule Monaco, katika ofisi ya mataifa inayoshugulika na karata za bahari, mpaka 1937. Akafa Canada mwaka 1947.

Na Götzen? Wajeremani wenyewe waliizamisha mwezi wa 7 mwaka 1916, wakiipaka mafuta mashini zake ili zisipate kutu. Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina Liemba. Mwaka 1997 njo ile ile ilirudisha maelfu ya wakimbizi wa Congo toka Kigoma. Kama wewe uko mutu wa Kalemie ao wa Uvira, uliza wazee wako: pengine mumoja wao aliipanda.