Dozi hii si ya kumaliza

Mgonjwa wa malaria huambiwa amalize dozi. Anayeingia chumba cha eksirei naye hupata dozi, lakini hii haimalizwi. Hupunguzwa hadi ibaki ile inayotosha tu kutoa picha inayosomeka. Neno ni moja, mambo ni mawili, na kwa kuwa hakuna anayempa mgonjwa dakika moja ya kumweleza, anatoka hospitalini na hofu kubwa kuliko hatari yenyewe, au hana hofu kabisa pale alipostahili kuuliza.

Mionzi ina vipimo vitatu. Bekereli huhesabu chanzo: viini vingapi vya atomi vinavunjika kwa sekunde. Grei hupima nishati iliyozama mwilini, jouli moja kwa kila kilo. Sivati ndiyo inayomhusu mgonjwa, maana huangalia madhara: grei moja ya chembe za alfa huhesabiwa sivati 20, ya eksirei huhesabiwa 1. Hospitalini hutumika milisivati, sehemu moja ya elfu ya sivati.

Ardhi, anga, hewa na chakula humpa binadamu wastani wa takriban milisivati 3 kwa mwaka. Eksirei ya kifua huongeza 0.1 au chini ya hapo. CT Scan ya tumbo yaweza kukaribia 10, yaani zaidi ya miaka mitatu ya mionzi ya kawaida kwa dakika chache. Ikihitajika, ipigwe bila kusita, inaokoa maisha. Lakini mgonjwa anayerudishwa kwenye mashine kwa sababu picha zake za wiki iliyopita zimebaki hospitali ya kwanza anabebeshwa mzigo usio na faida yoyote, na mara nyingi anaulipia mwenyewe. Hilo ni kosa.

Tena mgonjwa hana kikomo cha dozi. Mfanyakazi wa mionzi amewekewa wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na raia wa kawaida 1. Kinga ya mgonjwa ni daktari kujiuliza kabla ya kusaini fomu: picha hii itabadilisha matibabu? Naye mfanyakazi akumbuke kwamba beji ya kifuani haizuii mionzi, inaiandika tu. Ikiachwa mezani, haielezi lolote juu ya aliyepaswa kuivaa.

Hofu nyingine haina msingi. Aliyepigwa eksirei harudi na mionzi nyumbani. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, na mama anaweza kunyonyesha papo hapo. Kuchafuliwa na vitu vyenye mionzi ni jambo jingine. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, seziamu 137 iliyotolewa kwenye mashine iliyotelekezwa katika kliniki ilishikwa kwa mikono na kuingizwa majumbani. Watu wanne walikufa.

Mashine za kisasa za CT huonyesha zenyewe kiasi cha mionzi kilichotumika, na mtaalamu anaweza kukadiria milisivati kutokana nacho. Tunataka kiasi hicho kiandikwe kwenye ripoti ya kila mgonjwa, kwa Kiswahili, na apewe picha zake bila kuomba.

Msomaji, hadi hapo, ziombe mwenyewe. Zitunze pamoja na cheti chako cha kliniki, na kituo kingine kikitaka kukupiga picha upya, zitoe kwanza.